Huduma ya lishe ya mama na mtoto Bukavu: pakiti inafanya kazi, kidole gumba kimesahaulika

Mzazi wa Bukavu anayempeleka kwenye kituo cha afya mtoto aliyekonda au aliyevimba, iwe Kadutu, Ibanda au Bagira, anakutana na huduma moja yenye majina mengi. CPS ni siku ya kupima watoto wadogo. CPN ni ya mama mwenye mimba. UNTA ni matibabu ya utapiamlo mkali kwa mtoto anayekwenda na kurudi nyumbani. UNTI ni ya kulazwa, na UNS ni ya utapiamlo wa wastani. Hizi tatu za utapiamlo zinafuata mwongozo mmoja wa taifa wa kutibu utapiamlo, PCIMA, ulio chini ya PRONANUT, programu ya taifa ya lishe. Tathmini hii inaipitia huduma hiyo meza kwa meza, kama mama anavyoipitia akiwa na mtoto mgongoni, na kusema ni wapi inastahili sifa na ni wapi inapoteza watoto. Hakuna kituo kinachotajwa kwa jina, kwa sababu makosa haya yanajirudia mahali pengi na dawa yake ni ile ile.

Pakiti ya matibabu, ile ya karanga iliyosagwa na maziwa ya unga, ni nzuri sana, na pale mwongozo unapofuatwa watoto wanapona wakiwa nyumbani kwao. Udhaifu mkubwa uko mwanzoni kabisa, kwenye meza ya kupokelea, ambako mtoto anapimwa mkono kwa haraka na hakuna anayemgusa miguu.

Mkanda wa mkono

Mkanda wa rangi wa kupima unene wa mkono ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho ambacho haraka inakiharibia kazi kuliko vyote. Ni wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, maana yake utapiamlo mkali. 115 hadi 124 ni manjano, wa wastani. 125 na zaidi ni kijani. Manjano yote ina upana wa milimita 10 tu, kwa hiyo kosa la milimita 3 linatosha kumrudisha nyumbani mtoto aliyepaswa kuandikwa siku hiyo hiyo.

Namna sahihi haina ugumu. Mkono wa kushoto unavuliwa nguo mpaka begani. Kiwiko kinakunjwa kama pembe ya meza, unatafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, unaweka alama kwa kalamu. Kisha mkono unaachwa uning'inie, umelegea, ndipo mkanda unazungushwa pale penye alama. Uguse ngozi pande zote bila kuibinya: ngozi ikijikunja kando ya mkanda, umekazwa mno, ukiona nafasi chini yake, umelegea. Makosa mawili ndiyo yanayojirudia. La kwanza ni kupima juu ya sweta, kwa kuwa asubuhi za Bukavu ni baridi na mama anasita kumvua mtoto. La pili ni kukisia katikati kwa jicho. Mkanda uliokunjwa mara nyingi mfukoni nao haulali vizuri tena, utupwe.

Jambo la kusifiwa hapa ni kuwapa akina mama mikanda yao wenyewe na kuwafundisha kupima nyumbani. Mama akionyeshwa mara mbili, akarudia yeye mwenyewe mbele ya reco, yaani mhudumu wa afya wa mtaani, anaweza kupima kila wiki mbili na kumleta mtoto akiwa bado kwenye manjano. Mtoto aliyeletwa mapema hahitaji kulazwa, na anapona kwa pakiti chache. Kituo ambacho reco wake wanafanya kazi hiyo nyumba kwa nyumba kinafaa kuigwa.

Miguu

Huku Kivu ya Kusini utapiamlo mkali mara nyingi hauji kwa sura ya mtoto aliyebaki mifupa. Unakuja na mtoto mwenye mashavu ya duara, nywele zilizofifia zinazong'oka bila kumuuma, ngozi inayobambuka kama rangi ya ukuta ulionyeshewa, na uso usiotaka mchezo wala maneno. Wazee wanauita bwaki. Vitabu vinauita kwashiorkor, neno la Ghana ambalo daktari Cicely Williams aliliingiza kwenye maandishi ya kitabibu miaka ya 1930. Kule Lwiro, Kabare, hospitali ya watoto na watafiti wa kituo cha sayansi wameufuatilia kwa miongo mingi. Si ugonjwa mgeni kwetu, na ndiyo maana inauma kuona unapita mbele ya meza bila kuonekana.

Unapita kwa sababu maji yaliyojaa chini ya ngozi yanaongeza unene wa mkono na uzito kwenye mizani. Mtoto wa bwaki anaweza kupimwa mkono akatoka kijani, mizani ikasema uzito unaridhisha, na mama akarudishwa nyumbani kwa pongezi: "Mama, mtoto amenona." Mtoto huyo yuko hatarini kufa.

Anayeweza kumwona ni kidole gumba. Mtoto akae mapajani mwa mama, avuliwe viatu na soksi miguu yote miwili. Weka gumba moja juu ya mguu wa kulia na jingine juu ya mguu wa kushoto, nyuma kidogo ya vidole, yote mawili kwa pamoja. Bonyeza kwa nguvu ya wastani, ukihesabu bila haraka mia na moja, mia na mbili, mia na tatu. Ondoa. Usiishie kuangalia tu. Pitisha ncha ya kidole juu ya pale ulipobonyeza, kwa sababu shimo dogo linahisiwa kabla ya kuonekana, hasa kwenye chumba chenye giza. Shimo likibaki miguu yote miwili, mtoto ana utapiamlo mkali, hata kama mkono ni milimita 140. Mguu mmoja pekee ukiwa umevimba, tafuta kidonda, jipu au funza.

Kisha uvimbe unapewa daraja, na daraja liandikwe kwenye kadi. Alama moja ya kujumlisha ni miguu tu. Mbili ni miguu, miundi na mikono. Tatu ni mwili mzima pamoja na uso, na huyo hatibiwi nyumbani hata akila pakiti yote kwa furaha: anapelekwa UNTI siku hiyo hiyo.

Bila hiyo alama kwenye kadi, wiki zinazofuata zinasomwa vibaya. Mtoto wa bwaki anapoanza kupona hupungua uzito kwanza, kwa kuwa yale maji yanatoka kwenye mkojo. Chukua aliyeingia na kilo 8.4 na alama mbili za uvimbe: wiki ya pili ana kilo 7.8, miguu imekauka, anacheka. Huyo anapona vizuri sana. Muuguzi asiyejua alikotoka ataona gramu 600 zimepotea na kumuuliza mama mbele ya watu, "Mama, umeuza pakiti?" Mama aliyeaibishwa hivyo harudi wiki ya tatu. Anaandikwa kuwa ameacha matibabu, na kosa linaonekana kuwa lake.

Kuhara kunahitaji tahadhari nyingine. Figo na moyo wa mtoto mwenye utapiamlo mkali havihimili chumvi nyingi. Maji ya chumvi na sukari ya kawaida yana sodiamu milimoli 75 kwa lita. ReSoMal, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto hawa, ina 45, na potasiamu yake ni mara mbili. ReSoMal inatolewa hospitalini chini ya macho ya muuguzi, kidogo kidogo, mtoto akipimwa uzito na kupumua kila mara. Haitolewi kwenye mfuko wa kwenda nayo nyumbani. Kituo kinachompa mama sashe za chumvi ya kawaida kwa mtoto aliyevimba, bila maelezo mengine, kimefanya kosa linaloweza kuua.

Mizani na ubao

Hapa hakuna mengi. Mizani irudishwe kwenye sifuri kabla ya kila mtoto, si mara moja asubuhi, na mtoto apimwe uchi au na chupi tu. Mizani ya kuning'iniza yenye alama za gramu 100 inasomwa macho yakiwa sawa na mshale, mtoto akiwa ametulia. Urefu wa mtoto aliye chini ya sentimita 87 unapimwa amelala, na watu wawili: mmoja anashika kichwa, mwingine magoti na nyayo. Mtu mmoja peke yake hawezi kuifanya kazi hiyo sawasawa.

Dakika 30 zinazorukwa

Baada ya vipimo, kabla ya kuamua kwamba mtoto atatibiwa nyumbani, linafanywa jaribio la hamu ya kula. Foleni ikiwa ndefu ndilo la kwanza kurukwa, au linafanywa kwa mtoto kulamba tone moja na kuandikwa "ndiyo". Ni hatari. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na nimonia au sumu ya vijidudu kwenye damu bila homa wala kilio. Dalili pekee inayobaki ni kwamba anakataa kula. Kuliruka jaribio ni kuifumbia macho dalili hiyo.

Linahitaji kona tulivu, mbali na meza ya sindano. Mama ananawa mikono kwa sabuni, ananawisha na uso wa mtoto. Pakiti ikandwe kwanza kwa vidole kwa muda, kwa sababu ikikaa mafuta yanapanda juu, na mtoto akianza na mafuta matupu atayatema. Kona moja inakatwa, mama anakamua kidogo kidogo kwenye kidole au kijiko, na pembeni pawe na kikombe cha maji safi, maana rojo hilo zito linaleta kiu. Asilazimishwe, asibanwe pua. Baada ya nusu saa angalia kilichobaki. Mtoto wa kilo 4 hadi 6.9 awe amekula robo hadi theluthi ya pakiti. Wa kilo 7 hadi 9.9, theluthi hadi nusu. Wa kilo 10 hadi 14.9, nusu hadi robo tatu. Aliyechoka na safari ya tangu alfajiri apewe nafasi ya pili baada ya kupumzika. Akikataa tena, anakwenda UNTI. Na jaribio lirudiwe kila wiki, si siku ya kwanza tu.

Pakiti yenyewe

Plumpy'Nut ilibuniwa Ufaransa mwaka 1996 na daktari André Briend pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset. Kwetu imewahi kutengenezwa Lubumbashi pia, na kampuni ya Amwili. Ni karanga iliyosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta ya mimea, vitamini na madini. Pakiti moja ina gramu 92 na kilokalori 500. Ubora wake mkubwa ni kwamba haina maji: vijidudu havipati pa kuzaliana, haihitaji moto wala kuchanganywa, na katoni ya pakiti 150 inakaa miezi 24 mahali pakavu. Kabla yake kila mtoto alilazimika kulazwa wiki nyingi akinywa maziwa ya matibabu, huku mama akiwaacha wengine nyumbani. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubali rasmi kwamba mtoto asiye na matatizo mengine atibiwe nyumbani. Kwa mji ambao mama wengi wanaishi kwa biashara ndogo ya kila siku, badiliko hilo lina thamani kubwa.

Kiasi kinategemea uzito. Jedwali la zamani, ambalo bado limebandikwa kwenye kuta nyingi, linampa mtoto wa kilo 7 hadi 8.4 pakiti 3 kwa siku, yaani 21 kwa wiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2023 unataka kilokalori 150 hadi 185 kwa kila kilo kwa siku, na unaruhusu kushusha hadi 100 mpaka 130 pale mtoto anapokuwa ametoka kwenye utapiamlo mkali na uvimbe umekwisha. Kituo kifuate jedwali moja tu, na liwe lile lililotolewa na eneo la afya. Ukikuta muuguzi wa Jumanne anatoa 21 na wa Ijumaa anatoa 14 kwa mtoto wa uzito ule ule, uliza.

Inaharibikia wapi? Nyumbani, kwa njia tatu. Kwanza inagawanywa: watoto wanne wanakula pakiti ya mmoja, na hakuna anayepona. Kumkemea mama hakusaidii, kwa kuwa hawezi kumnyima mtoto mwingine anayemtazama. Kinachosaidia ni kumwambia ampe mgonjwa kwanza, peke yake, kabla ya chakula cha wote, na kumleta kupimwa kila mtoto mwingine wa nyumba hiyo aliye chini ya miaka 5. Pili, inachanganywa kwenye uji. Uji unajaza tumbo dogo kwa maji, moto unaharibu sehemu ya vitamini, na kinachobaki kwenye sufuria kinaliwa na wengine. Tatu, inauzwa. Kuhesabu maganda matupu kunasaidia kujua kama zilifunguliwa, lakini hakuonyeshi nani alikula. Uzito na mkono ndivyo vinavyoonyesha. Ziwa la mama linatangulia kabla ya kila pakiti, na maji safi yanafuata.

Pakiti hizi si za kuuzwa. Mzazi akidaiwa franga kwa ajili ya pakiti, anayo haki ya kukataa na kumfikishia habari mganga mkuu wa eneo la afya.

Dawa zinazoambatana nayo ni chache: amoksilini siku 5 hadi 7 hata kama hakuna dalili ya maambukizi, kipimo cha malaria, dawa ya minyoo wiki ya pili kwa aliyefikisha mwaka mmoja, na chanjo ya surua kwa aliyetimiza miezi 9 bila kuipata. Vidonge vya chuma visiongezwe. Chuma kimo ndani ya pakiti tayari, na mtoto mwenye maambukizi hafai kuzidishiwa.

Kulazwa, na watoto chini ya miezi 6

UNTI ina sifa mbaya mitaani kwa sababu watoto wanafikishwa huko wakiwa wamechelewa. Huduma yenyewe ikifanywa sawa inaokoa: maziwa ya matibabu ya kuanzia, F-75, kwa kipimo, mara 8 kwa siku pamoja na usiku, kisha polepole yale yenye nguvu zaidi, F-100, au pakiti. Chakula kingi siku ya kwanza kinaweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo jamaa wanaoingiza nyama na mayai kwa siri wakidhani wanasaidia waelezwe mapema, na kwa heshima, hasa koko, yaani bibi wa mtoto, ambaye mara nyingi ndiye mwenye neno la mwisho. Baridi ndiyo adui mwingine. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na usiku wake si wa mchezo. Mtoto asiye na mafuta mwilini anapoa na sukari ya damu inashuka pamoja na joto. Kofia, blanketi, kifua cha mama, na kikombe cha maziwa cha saa nane usiku. Unapotembelea wodi, uliza hicho kikombe kinatolewa na nani. Jibu litakuonyesha ubora wa wodi kuliko rangi ya kuta zake.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hapewi pakiti. Tiba yake ni kurudisha maziwa ya mama, na kuna njia nzuri isiyojulikana vya kutosha. Mrija mwembamba wa plastiki unabandikwa kwenye ziwa, ncha moja ikiwa kwenye chuchu, nyingine ndani ya kikombe cha maziwa ya matibabu. Mtoto ananyonya ziwa, na maziwa ya kikombe yanapanda kupitia mrija. Anapata chakula, na kunyonya kwake kunaliamsha ziwa lililokauka. Kikombe kishikwe sentimita 5 hadi 10 chini ya chuchu mwanzoni, ili maziwa yasitiririke haraka yakamkaba. Anapopata nguvu, kikombe kinashushwa. Inachukua siku kadhaa, na inahitaji muuguzi mwenye subira pamoja na mama mwingine aliyefaulu akae karibu. Bila hayo mama anakata tamaa siku ya pili.

Sufuria ya maonyesho

Siku ya CPS vituo vingi vinapika uji mbele ya akina mama. Ni sehemu nzuri, lakini mara nyingi uji unaopikwa ni mwepesi kama maji ya kunawa. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo. Mbali na ziwa anahitaji karibu kilokalori 200 kwa siku, akifika mwaka na zaidi karibu 550, na uji wa muhogo mtupu haumfikishi: ni wanga na maji, protini karibu hakuna. Kipimo ni kijiko. Ukikiinamisha, uji ukae au udondoke taratibu kwa kipande. Ukimiminika, rudisha jikoni.

Masosoma, unga wa mchanganyiko wa uji, inafaa ikitengenezwa sawa: mahindi vikombe 2, mtama kikombe 1, soya kikombe 1. Soya ndiyo inayokosewa. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, na mtoto anaharisha. Ikaangwe kwa moto wa wastani, ukikoroga muda wote, mpaka maganda yapasuke na ile harufu ya maharagwe mabichi iishe, ipepetwe maganda, ndipo isagwe. Kwa kuwa ina mafuta, unga wake unachacha. Usisage wa zaidi ya wiki mbili au tatu. Uji ukiiva, ongeza kijiko cha chai cha mawese, ambacho ni kama kilokalori 40 pamoja na vitamini A, na kijiko cha unga wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa na kusagwa pamoja na mifupa yao. Sambaza si wenyeji wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni miongoni mwa vitoweo vya bei nafuu kwenye soko la Kadutu na Nyawera. Uji ukiwa mzito mno kwa mtoto kumeza, usiongeze maji. Koroga kijiko kimoja cha unga wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Utalegea wenyewe ndani ya dakika chache bila kupoteza nguvu, kisha uchemshe tena kidogo.

Somo la makundi ya chakula linachosha likisomwa ukutani. Bora kuweka sahani moja: ziwa la mama, bugali ya mahindi, maharagwe yaliyopondwa, sambaza, lengalenga (mchicha). Hayo ni makundi 5 kati ya 8, kile kiwango cha chini kinachotakiwa kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, na hakuna hata kimoja cha kutoka supermaketi. Wiki ambayo sambaza wamepanda bei, karanga hazijazi nafasi yao, kwa kuwa ziko kundi moja na maharagwe. Yai moja linajaza. Sombe, majani ya muhogo, inafaa ikiwa imetwangwa na kuchemshwa sana, sufuria wazi, ili sumu ya muhogo itoke.

Mama mwenye mimba

Upande huu wa huduma ndio uliopewa uzito mdogo kuliko unaostahili. Mtoto anaanza kukonda tumboni. CPN inampa mama chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, au siku hizi kidonge chenye vitamini na madini 15. Vidonge vinatolewa; kinachokosekana ni maneno mawili matatu. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni la kawaida. Kichefuchefu kinapungua ukimeza usiku baada ya chakula. Chai inazuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo iachwe kwa saa moja au mbili kabla na baada. Mama asiyeambiwa hayo anaweka vidonge kabatini baada ya siku nne.

Kosa moja la duka la dawa lizingatiwe: foliki ya miligramu 5, inayouzwa sana, inapunguza nguvu ya SP, ile dawa ya kukinga malaria wakati wa mimba. Ni mikrogramu 400 zinazohitajika, si miligramu 5. Mama naye apimwe mkono. Kikomo kinachotumika sana ni milimita 230, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miezi 6. Mkanda wa watu wazima ukikosekana, futi ya fundi cherehani inatosha.

Pakiti zikiisha, au mtoto akihama

Viwango vya kimataifa vya Sphere, vinavyotumika kwenye misaada ya kibinadamu, vinataka zaidi ya asilimia 75 ya watoto wapone, wanaokufa wawe chini ya asilimia 10, wanaoacha chini ya 15, na mjini huduma iwafikie zaidi ya asilimia 70 ya wanaoihitaji. Kituo kibandike namba zake ukutani kila mwezi. Mtoto anatoka akiwa na mkono wa milimita 125 au zaidi kwa wiki mbili mfululizo na bila uvimbe kwa wiki mbili. Si kabla, hata kama mama anaona amepona, hata kama stoku inakwisha.

Na stoku inakwisha kweli. Barabara zinafungwa, malori yanachelewa. Siku hiyo kituo kisimwambie mama "rudi wiki kesho" mikono mitupu. Kimpe karatasi ya kumpeleka kituo kingine, na karatasi hiyo iwe na vitu sita: uzito wa kuingia na wa leo, mkono wa kuingia na wa leo, daraja la uvimbe siku ya kwanza, wiki ya ngapi ya matibabu, pakiti ngapi kwa siku, na dawa alizokwisha kupewa. Ikikosa hayo, kituo cha pili kinamwandika kama mgonjwa mpya, anameza amoksilini upya, na uvimbe uliokauka juzi hauonekani popote.